Mbeya kwa siku nne, pamoja na mama mkwe

*“Sisi ni familia ya watu watano kutoka Dar es Salaam: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 8 na 13, na mama mkwe wangu mwenye miaka 68 ambaye ana shinikizo la damu na magoti yanayomsumbua. Tutakuwa Mbeya kwa siku nne mwishoni mwa Juni, shule zikifungwa. Tumeandika orodha: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kimondo, maua ya Kitulo na kuogelea Matema. Ndugu mmoja anatuambia Mbeya ni mji wa kupitia tu na hauna cha kuona. Mwingine anasema siku nne zinatosha kwa vyote hivyo. Tuna gari dogo. Nani yuko sahihi, na je, ni vyema mama abaki hotelini?”*

Dada yangu, nimesoma swali lako mara mbili, na nadhani linalokusumbua hasa ni hofu ya kusafiri zaidi ya kilomita 800 na watoto na mzazi, kisha kurudi nyumbani huku kila mmoja amechoka na hakuna aliyefurahi. Hofu hiyo ina msingi. Nimewaongoza wageni katika milima hii kwa miaka mingi, na safari nyingi nilizoona zikiharibika ziliharibiwa na orodha kama yako, ambayo ni nzuri kipengele kwa kipengele lakini haiwezi kutekelezwa ikiwa imekusanywa pamoja.

Ndugu zako wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Yule anayesema Mbeya ni mji wa kupitia ameuona mji kutoka dirisha la basi: foleni ya malori yanayokwenda Tunduma, soko la Mwanjelwa, maduka ya vipuri, ukungu. Ni kweli kwamba ndani ya jiji lenyewe vivutio ni vichache. Mji huu ulianza katika miaka ya 1920, wakati wa mbio za dhahabu za Lupa upande wa Chunya, na tangu mwanzo ulikuwa mahali pa kulala, kununua mahitaji na kuondoka kesho yake. Yule anayesema siku nne zinatosha kwa vyote, naye amedanganywa na jina. Watu husema “Mbeya” wakimaanisha nyanda za juu nzima. Kimondo kipo Mbozi, ambayo tangu 2016 iko katika Mkoa wa Songwe. Sehemu kubwa ya Kitulo iko Makete, mkoani Njombe. Matema iko Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 130 kutoka jijini na zaidi ya mita 1,200 chini yake. Ukiviweka vyote kwenye ramani utaona kwamba kutoka jijini unakwenda magharibi, mashariki na kusini, na kila mara unalazimika kurudi katikati ili uanze upya.

Mpangilio huo una sababu yake ndani ya ardhi, na ukiuelewa, kupanga safari kunakuwa rahisi. Mbeya imekaa mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: tawi la Rukwa linaloelekea kaskazini-magharibi, tawi la Usangu linaloelekea kaskazini-mashariki, na tawi la Nyasa linaloshuka kusini. Ardhi inapovutwa pande tatu kwa pamoja hupasuka na kudidimia, na kwenye nyufa uji wa moto wa chini hupata njia ya kupanda. Ndiyo maana upande wa kusini-mashariki wa jiji kuna mlolongo wa volkano: Ngozi, Rungwe na Kiejo, ambao mara ya mwisho ulitoa lava takriban miaka 200 iliyopita. Moto huo haujazimika kabisa. Kuna chemchemi za maji moto Songwe, wataalamu wa jotoardhi wanafanya kazi zao karibu na Ngozi, na huko Rungwe gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Huenda watoto wako wamewahi kunywa soda yenye pumzi ya Rungwe ndani yake. Kwa hiyo ukienda kusini unafuata volkano na maji yake hadi ziwani, na ukienda magharibi unafuata jiwe lililotoka angani ambalo halihusiani kabisa na volkano hizo. Changanya pande hizo mbili katika siku moja nawe utaishia kuona barabara tu. Mimi huwaambia wageni wachague mwelekeo kwanza, vivutio vitafuata.

Jambo la pili la kuelewa kabla ya kupanga ni mawingu. Upepo unaotoka kusini-mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa ukabeba unyevu, kisha hugonga kuta za milima ya Rungwe na Uporoto na kulazimika kupanda. Hewa inapopanda hupoa, unyevu hugeuka wingu, na wingu humwaga mvua hapo hapo. Hii ndiyo sababu Tukuyu na Kyela hupata mvua nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, mara nyingi zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Usangu, upande wa pili wa milima, ni nyika kavu. Mwishoni mwa Juni jiji la Mbeya litakuwa kavu na anga safi, lakini msiudhike mkikuta manyunyu na ukungu Tukuyu siku hiyo hiyo. Kila siku jambo hilo hujirudia kwa kiasi kidogo: asubuhi milima iko wazi, jua linapoanza kupasha mabonde hewa inapanda, na ikifika adhuhuri kilele kimevaa kilemba. Niliwahi, katika miaka yangu ya mwanzo, kuwafikisha wageni ukingoni mwa Ngozi saa nane mchana. Tulikaa juu ya ziwa kubwa kabisa bila kuona tone la maji. Walikuwa waungwana, hawakusema kitu, lakini tangu siku hiyo sijaanza kupanda baada ya saa mbili asubuhi.

Baada ya hayo, niruhusu nifute Kitulo kwenye orodha yako. Najua hili litakuuma, kwa sababu picha za maua ndizo zinazowaleta wengi huku. Uwanda huo uko juu kiasi cha mita 2,600, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa haki kabisa: kuna aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, pamoja na maua mengine mengi. Hata hivyo, okidi hizi huishi kwa viazi vilivyo chini ya udongo. Wakati wa baridi na ukavu majani hufa, kiazi hulala, na mvua za Novemba zikianza huamka. Maua huwa katika ubora wake kati ya Desemba na Machi. Mwishoni mwa Juni mtakuta nyasi za rangi ya simba, upepo, na asubuhi nyingine jalidi nyeupe juu ya majani. Mimi binafsi naupenda Kitulo wa aina hiyo, kwa ukimya wake, lakini mtoto wa miaka 8 aliyeahidiwa maua hataupenda. Zaidi ya hayo, njia ya kupandia kutoka Chimala ni ile maarufu ya kona 57, na kuipanda kwa gari dogo lililobeba watu watano na mizigo ni kulionea gari hilo. Kama maua ndiyo kiini cha safari yenu, ahirisheni hadi likizo ya Desemba, mkubali tope, mkodi gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na muuondoe Ngozi kwenye mpango, kwa kuwa wakati huo njia yake inateleza kama sabuni. Kama kiini ni kuwa pamoja na kuona mambo mbalimbali, Juni ni bora.

Ngozi ndiyo inayohitaji uamuzi wa makini zaidi. Watu wengi hudhani ni ziwa unalofikia kwa gari na kukaa ufukweni. Kwa kweli ni shimo. Zamani volkano ilimwaga uji wake wa moto hadi tumbo likabaki tupu, kisha paa likaporomoka ndani, na mvua za karne nyingi zikajaza shimo lililobaki. Hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Hutajwa mara nyingi kuwa ziwa la pili kwa ukubwa barani Afrika kati ya maziwa ya aina yake. Unachofanya ni kuiacha barabara ya Tukuyu katika eneo la Isongole, kuvuka mashamba ya viazi hadi ukingo wa msitu, kisha kupanda kwa miguu ndani ya msitu hadi ukuta wa shimo, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, na kulitazama ziwa likiwa chini yako kabisa, kijani kibichi, limezungukwa na kuta za miti. Kwa familia, hesabuni saa mbili za kupanda na kama moja na nusu za kushuka. Njia ya kuteremka hadi majini ipo, ila ni mwinuko wa kushikilia mizizi, nami siwapeleki watoto huko. Kijana wenu wa miaka 13 atapanda ukingoni bila shida. Yule wa miaka 8 ataweza mkienda polepole na kumpa kitu cha kutafuna kila nusu saa. Kwa watu wa pwani kifua kitabana kidogo, kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba kuliko ya Dar. Si ugonjwa, ni mwili kudai muda, na ndiyo sababu Ngozi isiwe shughuli ya siku ya kwanza.

Mama asipande Ngozi. Nasema hivyo bila kusita, na zaidi kwa sababu ya magoti kuliko shinikizo la damu, kwani kushuka kwenye udongo wenye unyevu ndiko kunakoumiza magoti na ndiko kunakoangusha watu wazima. Lakini kumwacha hotelini siku nzima katika mji asioujua, kwenye baridi, ni kosa kubwa zaidi, na kwa bahati njema halina ulazima. Siku ya Ngozi mmoja wenu abaki naye (wewe na mume wako mnajua wenyewe nani amechoka zaidi) na waende taratibu hadi Tukuyu, mji mdogo uliozungukwa na chai na migomba, ambako atapata ndizi zilizopikwa kinyakyusa na hali ya hewa ya kukaa kibarazani na shuka mabegani. Wengine watawafuata mchana.

Kutoka huko Daraja la Mungu liko njiani, na hapo mama atashiriki kikamilifu kwa sababu gari linafika karibu. Ni upinde wa mwamba juu ya Mto Kiwira. Maelezo yanayokubalika ni kwamba lava iliyotoka Rungwe ilitiririka hadi bondeni, ikapoa na kuwa jiwe, na mto, ambao hauwezi kusimama, ukaendelea kula sehemu ya chini hadi ukapata njia. Karibu na hapo kuna Kijungu, mahali ambapo mto mzima unamezwa ndani ya chungu cha mwamba na kutokea mbele. Njia inapitia eneo la chuo cha magereza, kwa hiyo chukueni vitambulisho, salimieni mlangoni, ulizeni kabla ya kupiga picha za majengo, na msibishane na askari. Maji ya Kijungu yana nguvu na mwamba unateleza. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, asiachwe kwa kaka au dada yake.

Kimondo ni cha siku nyingine na upande mwingine, kiasi cha kilomita 70 kuelekea Tunduma kisha unaiacha barabara kuu. Hapa nina maoni yangu: wageni wengi hukaa dakika kumi, wanapiga picha na kuondoka wakisema “kumbe ni jiwe tu.” Kosa ni la sisi tusiowaeleza. Ni kipande cha chuma, takriban asilimia 90, kikiwa na nikeli karibu asilimia 9, chenye urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Jiwe la kawaida la ukubwa huo lingekuwa na kama theluthi moja tu ya uzito huo. Waambieni watoto wakigonge kwa kidole na kuhisi ubaridi wake, kisha waangaze macho kutafuta shimo kilipoangukia. Hawataliona. Hakuna shimo, na hilo ndilo fumbo lenyewe: ama kilianguka muda mrefu sana uliopita, mvua na udongo vikafuta alama zote, ama kiliingia kwa mshazari na kupoteza kasi. Kiliandikwa na wanasayansi mwaka 1930, kikiwa kimezikwa kwa sehemu kubwa, ingawa wenyeji wa hapo walikifahamu tangu zamani. Waliokichimbua waliacha udongo wa chini yake ubaki kama kiti, na ndivyo kilivyokaa hadi leo. Mama atafika bila taabu. Ondokeni kabla ya saa moja asubuhi, vinginevyo malori ya Zambia na Kongo yatakula nusu ya siku yenu kati ya Uyole na Mbalizi.

Matema ni nzuri kuliko picha zake. Milima ya Livingstone inasimama wima pembeni ya maji, mchanga ni safi, na ukifika Jumamosi kuna soko la Lyulilo, ambako vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi. Lakini safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja kutoka jijini ni adhabu. Lala huko usiku mmoja au usiende. Kumbuka pia kwamba unashuka kutoka mita 1,700 hadi chini ya 500, na kwa kuwa joto huongezeka kwa takriban nyuzi sita kila unaposhuka mita 1,000, mtaondoka na makoti na kufika mkitafuta feni. Mbu nao hufuata joto. Watu wanaokuja Mbeya husahau neti kwa sababu jijini kuna baridi, kisha wanalala Kyela bila kinga. Kuhusu kuogelea, konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia kwenye matete, kwa hiyo ogeleeni kwenye mchanga ulio wazi, mbali na midomo ya mito, na kwanza waulizeni wavuvi kuhusu mamba wa msimu huo. Wavuvi hawana sababu ya kukuficha.

Basi, kama safari ingekuwa yangu, siku ya kwanza ningeifanya ya kupumzika jijini: chakula kizuri, kutembea Mwanjelwa kununua maparachichi na masweta ya mitumba, na jioni kuutazama Mlima Loleza, ambao uko juu ya mji kama mlinzi. Siku ya pili ningekwenda Kimondo na kurudi mchana, kisha nilale mapema. Siku ya tatu ningeondoka na mizigo yote saa kumi na mbili asubuhi: Ngozi, Daraja la Mungu, na usiku ningelala Tukuyu. Siku ya nne ningeshuka Matema na kulala huko, jambo linaloomba usiku mmoja wa ziada. Kama usiku huo haupatikani, ondoeni Matema na msihuzunike. Tukuyu na vijiji vyake vitawatosha, na huenda ndivyo mama atakavyovikumbuka zaidi.

Gari lenu dogo litafaa kwa barabara kuu za lami, yaani hadi Tunduma na hadi Kyela. Kwa njia ya vumbi ya Kimondo mwende taratibu, na kwa kipande cha Ngozi liacheni mahali penye mlinzi karibu na barabara. Tumieni injini kushukia miteremko, yaani weka gia ndogo, kwa sababu breki zinazokanyagwa mfululizo huchemka na kuacha kushika, na ndicho kinachotokea kwa malori mnayoyaona yamelala mtaroni. Msiendeshe usiku wala kwenye ukungu mzito. Huko Ngozi chukueni mwongozaji anayetambuliwa na ofisi ya misitu au na hoteli yenu, na ada za serikali mlipe kwa kumbukumbu namba ya malipo na kupewa stakabadhi. Anayedai fedha mkononi pembeni ya njia bila karatasi mwambieni asante na mwendelee.

Sasa suala la mama, ambalo siwezi kulimaliza kwa maandishi. Wiki mbili kabla ya kuondoka mpelekeni kwa daktari wake, apimwe, na aulizwe waziwazi kama anaweza kukaa siku kadhaa kati ya mita 1,700 na 2,200 kwenye baridi. Daktari aambiwe dawa zote anazotumia, na pia aulizwe kuhusu kinga ya malaria kwa familia nzima kama mtalala Kyela. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari. Wakati wa safari, akipata maumivu ya kifua, maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, kuona ukungu machoni ambao si ule wa milimani, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu, na jijini Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda. Na mtu yeyote kati yenu akipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi Dar, apimwe malaria siku hiyo hiyo na amwambie daktari kwamba alilala kando ya Ziwa Nyasa. Kama mliogelea, ulizeni pia kuhusu kipimo cha kichocho baada ya miezi miwili hivi, kwa maana kikipimwa mapema sana huwa hakionekani.

Masweta ya watoto yawe mawili kila mmoja. Mwishoni mwa Juni, alfajiri ya Mbeya haina huruma kwa mtu wa Dar.